Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutembea na kuparamia makorongo ya jangwani na tambarare za chumvi

Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wananiuliza kila wakisikia natembea majangwani, kwenye makorongo na zile tambarare nyeupe za chumvi. Mengine ni ya msingi kabisa, mengine yanatoka kwa watu walioshaponea chupuchupu mara moja na hawataki ya pili. Sijayapanga kwa ustadi. Yale yanayoua nimeyaeleza kwa kirefu, yale ya kawaida nimepita haraka.

Korongo na tambarare ya chumvi vina uhusiano gani mpaka uviweke pamoja?

Ni maji yale yale. Mvua ya jangwani hainyeshi mara nyingi ila ikinyesha inashuka milimani kwa fujo, inachimba korongo, ikitoka mdomoni mwa korongo inaishiwa nguvu inamwaga mawe na kokoto, ndo ule mteremko mpana uliotanuka kama upepeo unaouona chini ya kila korongo, alafu maji yaliyobaki yanaenda kulala bondeni ambako hakuna mto wa kuyatoa kwenda baharini. Jua linayakausha, chumvi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inabaki. Rudia hivo kwa maelfu ya miaka unapata Badwater kule Death Valley, Marekani, mita 86 chini ya usawa wa bahari, au Salar de Uyuni ya Bolivia yenye kilomita za mraba kama 10,000, tena hiyo iko juu kabisa, mita 3,656, kwahiyo usidhani chumvi lazima iwe mahali pa chini.

Mi huwa nawaambia watu jangwani mwenye kesi ni mmoja tu, maji. Korongoni ogopa yakija, kwenye tambarare ogopa yakiisha. Siku ya joto korongo nalo linaua kwa kiu, najua, ila anza na hapo.

Kuparamia ndo nini hasa, si kutembea tu?

Mikono ikianza kukuvuta juu, sio kukupa balansi tu, hapo unaparamia. Marekani wana madaraja yao, la 1 ni njia ya kawaida, la 2 ni mawe mawe unaweka mkono mara moja moja, la 3 mikono inafanya kazi kweli, la 4 kwa misuli bado ni rahisi ila ukidondoka ndo basi tena, la 5 ni ukweaji wa kamba. Makorongo mengi ya matembezi ni la 2 na la 3. Shida ni kwamba jiwe halina kibao, unaweza ukatembea daraja la 1 saa nzima alafu kona moja ukakutana na ukuta wa mita tatu uliolambwa na maji mpaka unateleza kama kigae. Mosaic Canyon kule Death Valley kwa mfano ina kuta za marumaru zilizosuguliwa na kokoto za mafuriko, kwa macho ni nzuri ajabu, kwa soli ya kiatu ni balaa.

Niende msimu gani?

Msimu wa baridi na miezi inayoupakana, basi. Furnace Creek, Death Valley, ilipimwa nyuzi 56.7 za Selsiasi tarehe 10 Julai 1913 na mpaka leo hiyo ndo rekodi rasmi ya dunia ya joto la hewa. Hiyo ni hewa, kivulini. Ardhi ni habari nyingine, hapo hapo mwaka 1972 walipima uso wa ardhi ukafika nyuzi 93.9, yaani chai haiko mbali. Wasimamizi wa hifadhi ya Death Valley wanashauri kipindi cha joto usitembee sehemu za chini baada ya saa 4 asubuhi, na mimi naona hata hiyo saa 4 wamekuwa wapole.

Kama lazima uende kukiwa na joto, panda juu. Hewa kavu inapoa nyuzi kama 6 mpaka 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwahiyo bonde likiwa tanuru mlima unaoliangalia unaweza kuwa na hali ya hewa ya kistaarabu tu. Uyuni ni kinyume, kule kwa sababu ya urefu usiku wa msimu wa kiangazi unaganda kweli kweli, na ukienda msimu wa mvua unakuta maji yametanda kama kioo, picha nzuri ila kutembea umbali mrefu sahau.

Nibebe maji kiasi gani?

Lita 4 kwa mtu kwa siku ndo chini kabisa, na hapo nazungumzia siku ya baridi na matembezi ya kawaida. Kukiwa na joto na unapanda unaweza kumaliza lita nzima kwa saa. Lita moja ni kilo moja, kwahiyo hesabu inakuja kukukamata mwenyewe: safari ya saa nane kwenye joto ni kilo nane za maji mgongoni, na ukiona huwezi kuzibeba basi jibu ni kufupisha safari, sio kupunguza maji. Watu wengi hapa ndo wanakosea, wanapunguza maji.

Kuna mambo madogo ambayo nimeyajua kwa tabu. Jangwani jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona mkavu unadhani hutoki jasho kumbe unavuja kama kapu. Alafu usiweke maji yote kwenye mfuko mmoja wa plastiki wenye mpira wa kunyonyea, ukijibana kwenye mwamba ukapasuka umebaki na nguo mbichi na kiu, gawanya kwenye chupa ngumu mbili tatu. Acha na mengine kwenye gari, mengi, maana gari nalo linaweza kugoma kuwaka.

Na kugeuka: wengine wanasema geuka maji yakifika nusu. Mi nageuka yakibaki theluthi mbili, kwasababu asubuhi ulitembea kwenye ubaridi, kurudi ni mchana, kilomita ile ile inakunywa maji mara mbili.

Basi si ninywe tu maji mengi sana niwe salama?

Hapana, hii nayo inaua watu na hawajui. Ukinywa maji matupu kupita kiasi huku unatoka jasho lenye chumvi, sodiamu ya kwenye damu inashuka, kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na kinachochekesha kama si kusikitisha ni kwamba dalili zinafanana na za mtu aliyeishiwa maji kwahiyo wenzake wanazidi kumnywesha. Figo zinatoa takriban lita moja kwa saa, usizipe zaidi ya hapo. Kula vitu vya chumvi njiani, kunywa ukisikia kiu, na mkojo ukiwa mweupe kama maji ya bomba kila nusu saa punguza.

Nikikuta maji kwenye kidimbwi si nachemsha tu?

Korongoni inategemea. Kidimbwi cha maji ya mvua kwenye mwamba unaweza kuchuja na kuchemsha. Kwenye tambarare ya chumvi hapana kabisa, kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiui wala haiondoi, tena unaizidishia ukali maana maji yanapungua na chumvi inabaki. Chujio la mkono nalo halitoi chumvi. Chemchemi nyingine za jangwani zina hata aseniki, sumu kabisa. Ukiona maji safi kama kioo, hamna jani, hamna mdudu, hamna hata ukoga, jiulize kwanini viumbe wote wa jangwa hilo wenye kiu wameyaacha.

Mbingu ni ya bluu, kwanini unanitisha na mafuriko?

Hapa nitakaa kidogo.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, haya, sawa, lakini ukiwa chini ya korongo jembamba mbingu unayoiona ni utepe tu, na mvua itakayokumaliza haiko kwenye huo utepe. Iko kilomita nyingi huko juu, kwenye eneo lote linalomwaga maji yake kwenye hilo korongo lako. Ardhi ya jangwa ni mwamba mtupu na udongo mgumu, hainywi maji haraka, kwahiyo mvua ya nusu saa inakusanyika yote inaingia kwenye mfereji wenye upana wa mabega yako. Tarehe 12 Agosti 1997 kule Antelope Canyon, Arizona, watu 11 walifariki hivo, radi na mvua vilikuwa mbali, pale walipokuwa wenyewe mvua ilikuwa ndogo au hamna. Septemba 2015 kule Zion, Utah, watu saba waliingia Keyhole Canyon siku ya tahadhari ya mafuriko, wote saba hawakutoka. Hao walikuwa na kamba na vifaa. Maji hayaangalii vifaa.

Kwahiyo unafanyaje. Kwanza ramani, kabla hujatoka nyumbani, tafuta eneo lote la juu linaloleta maji kwenye korongo lako, alafu utabiri wa hali ya hewa unaousoma uwe wa huko juu, sio wa mji ulipolala. Kukiwa na uwezekano wa radi sehemu yoyote ya eneo hilo, usiingie korongo jembamba, nenda lile pana au nenda kwenye tambarare. Kusini magharibi mwa Marekani miezi ya Julai mpaka Septemba radi za mchana ni kawaida kabisa.

Pili, ukiwa ndani angalia kuta. Magogo yaliyokwama juu ya kichwa chako hakuna mtu aliyepanda nayo, yaliletwa na maji, na maana yake maji yalifika pale. Kila unapopita jizoeze kuona sehemu ya kupandia, kijukwaa, mteremko wa mawe, kitu chochote kilicho juu ya hizo alama. Sehemu ndefu isiyo na pa kupandia unaipita haraka, hupigi picha, huli, hukai kusubiri mwenzio afunge kamba za kiatu.

Tatu, dalili za mwisho. Maji yaliyokuwa safi yakigeuka tope, vijiti na majani kuanza kuelea, upepo wa ghafla unaoshuka korongo, au mngurumo kama lori linalokuja wakati hakuna barabara. Ukisikia hivo usikimbie kushuka na korongo, maji yanakukimbilia huko huko na yana kasi kuliko wewe. Panda. Begi likikuzuia liache. Maji ya sentimita 15 tu yanayokwenda kasi yanamwangusha mtu mzima, na haya hayaji peke yake, yanakuja na mawe na magogo, mara nyingi sehemu ya mbele ni uji mzito wa takataka kuliko maji.

Zamani kulikuwa na barabara ya lami ndani ya Golden Canyon, Death Valley. Mwaka 1976 mafuriko yakaing'oa. Vipande vya lami bado vipo, watu wanapita pembeni yake wakidhani ni mwamba wa ajabu ajabu.

Nimepanda ukuta mdogo, nitashindwaje kuushuka?

Mpanda ngazi hushuka, wanasema, ila hawakusema anashuka kwa mtindo gani. Kupanda macho yako yako karibu na pa kushika, mikono inatangulia, unaona kila kitu. Kushuka miguu inatangulia na haina macho. Ukuta uliokuchukua sekunde kumi kuupanda unaweza kukuweka juu pale nusu saa unatetemeka unatafuta kile kijiwe ulichokanyaga mwanzo. Mi nina sheria yangu, mita mbili za kwanza nikizipanda nashuka tena hapo hapo kabla sijaendelea, nikiona nimeshuka vizuri ndo napanda mpaka juu. Wenzangu wananicheka kuwa nachelewesha msafara, wacha wacheke.

Sasa huo ni mtego wa anayeingia korongo kutokea chini. Anayeingia kutokea juu ana mtego mbaya zaidi. Anafika kwenye poromoko kavu, yaani maporomoko ya maji yasiyo na maji, mita tatu nne hivi, anakaa chini anajiachia anateleza mpaka mchangani, raha. Anatembea dakika ishirini anakuta poromoko lingine la mita ishirini. Haliwezi. Anarudi kwenye lile la kwanza, hakuna pa kushika, haliwezi pia. Amejifungia chumba kisicho na mlango. Waokoaji wa majangwani kisa hiki wanakijua vizuri mno. Usijiachie kuteleza mahali ambapo huna uhakika wa kupanda, labda uwe umeacha kamba nyuma yako au una uhakika kabisa, sio wa kuambiwa, kwamba mbele kunapitika.

Kuhusu mikono na miguu: kati ya viungo vinne, vitatu viwe vimeshika muda wote, unasogeza kimoja. Jiwe ligonge kwanza kwa kiganja, likitoa sauti ya utupu liache. Vuta kwenda chini, usivute kujielekea, jiwe lililolegea ukilivuta kujielekea linakuja na wewe. Kushuka pagumu geuka uso uangalie mwamba kama unashuka ngazi, watu wanashuka wakiangalia nje wamekalia makalio alafu begi linawasukuma mbele. Aliye chini asikae chini yako. Na mwamba wa mchanga ukilowa unapoteza nguvu zake nyingi, kishikio kilichokubeba juzi leo kinamong'onyoka kama biskuti, subiri siku moja mbili tatu baada ya mvua.

Mikono naweza kuiweka popote?

Weka unapoona. Usiingize vidole kwenye mwanya wa giza wala kupapasa juu ya ukingo usiouona, nyoka na nge wanapenda kivuli kama wewe unavyokipenda.

Je, nikibanwa na jiwe?

Watu wanauliza hivi kwa sababu ya Aron Ralston. Aprili 2003, Blue John Canyon, Utah, jiwe kubwa lililokwama kati ya kuta mbili lilisogea akiwa analishukia likambana mkono wa kulia, akakaa siku tano, mwishowe akajikata mkono mwenyewe akatoka. Kisa kinasimuliwa kama cha ujasiri na kweli ni ujasiri, ila mi kinachonikaa kichwani ni kitu kidogo tu, hakumwambia mtu anakwenda wapi. Mawe yaliyokwama juu ya korongo yanaonekana kama yapo pale tangu dunia iumbwe, ila yaliletwa na mafuriko na yanaweza kuondoka na uzito wako. Yajaribu kabla hujayaning'inia, na usipitishe mkono au mguu kati ya jiwe na ukuta.

Mchanga unaodidimiza si unakumeza mzima?

Haukumezi. Huo uji wa mchanga na maji una uzito karibu mara mbili ya mwili wako kwa ujazo ule ule, kwahiyo ukifika kiunoni utakuwa unaelea. Hatari ni kukwama huku baridi ya maji inakula mwili, au mafuriko yakukute hapo hapo. Legea, lala nyuma kutanua uzito, chezesha mguu taratibu maji yaingie pembeni yake, chomoa kidogo kidogo. Wenzako wasikuvute kama wanang'oa muhogo, watakuumiza. Na kwa kuwa tumetaja baridi: ndio, jangwani unaweza kufa kwa baridi, madimbwi ya korongo jembamba hayapigwi na jua na ukiogelea manne matano mfululizo meno yanagongana hata kama huko juu ni nyuzi 35.

Ganda la chumvi litanibeba?

Kavu, jeupe, gumu, linakwaruza: mara nyingi litakubeba. Lenye rangi ya kijivu au kahawia, linalong'aa kwa unyevu au linabonyea kama keki, chini yake kuna tope, na tope la chumvi linashika kama gundi. Nenda na fimbo, piga mbele yako. Ukizama mpaka kifundo cha mguu usijipe moyo kwamba mbele ni pagumu, rudi kwa nyayo zako zile zile.

Gari ndo kabisa usiliingize kwa sababu umeona matairi ya mtu mwingine. Kule Makgadikgadi, Botswana, ganda linaonekana kama uwanja wa ndege na chini yake ni uji. Hata historia inayo: mwaka 1846 msafara wa Donner, wahamiaji waliokuwa wanaelekea California, ulikata jangwa la chumvi la Utah kwa kuambiwa ni kama kilomita 64, ikaja kuwa karibu 130, magari yao ya ng'ombe yakazama kwenye tope la chumvi, ng'ombe wakakimbia kutafuta maji wakapotea. Taabu yao ya baadaye milimani kwenye theluji ndo inajulikana zaidi ila muda na wanyama walivipoteza kwenye chumvi.

Ule mlima naufikia kwa saa moja, si unaonekana hapo?

Hauko hapo. Kwenye tambarare hakuna mti, nyumba wala mtu wa kulinganisha, hewa ni kavu haina ukungu, jicho linakosa kipimo. Mtu wa urefu wa kawaida akisimama kwenye ardhi bapa kabisa upeo wake ni kilomita kama tano tu, kinachoonekana zaidi ya hapo ni vile vitu virefu vinavyochungulia kwa nyuma, kwahiyo mlima unaweza kuwa kilomita arobaini na mguu wake huuoni kabisa. Ongeza na mazigazi, ile hewa ya moto iliyo karibu na ardhi inapinda mwanga wa mbingu unadhani ni ziwa, unatembea na ziwa linatembea.

Pima kwenye ramani, usipime kwa jicho. Na usidhani utakwenda moja kwa moja. Watafiti walioweka watu msituni Ujerumani na jangwani Sahara, matokeo yakatoka 2009, waliona kwamba watu wakikosa jua au mwezi wa kuangalia wanazunguka duara huku wanaamini wamenyooka. Kwenye chumvi ikiwa mawingu yamefunika, chukua dira, geuka nyuma kila baada ya dakika chache uone nyayo zako zimepinda vipi, utashangaa. Gari ulilotoka linapotea machoni mapema sana, weka alama ya mahali lilipo kwenye jipiesi kabla hujapiga hatua ya kwanza, sio ukikumbuka.

Yale maumbo ya pembe sita kwenye chumvi yanatokana na nini?

Wengi tulikuwa tunasema ganda linakauka linapasuka, au linatanuka linakunjamana. Mwaka 2023 kikundi cha watafiti kikaonyesha kwamba kazi iko chini, maji yenye chumvi nyingi ni mazito yanazama, yenye chumvi kidogo yanapanda, yanazunguka kama maji ya sufuriani ila polepole mno, na chumvi inajikusanya kwenye kingo ambako yale mazito yanazamia. Ndo maana vipimo vinafanana, mita moja mbili hivi, iwe Marekani iwe kwingine.

Nguo na viatu?

Mikono mirefu, suruali ndefu, nyepesi, rangi ya kung'aa, kofia yenye ukingo pande zote. Kwenye chumvi mwanga unarudi kutoka chini, kwahiyo paka mafuta ya kuzuia jua chini ya kidevu, chini ya pua na hata ndani kidogo ya pua, sifanyi utani. Miwani ya jua iliyofunga pembeni, ukiikosa macho yanaungua jioni unahisi yamejaa mchanga. Viatu vya korongo viwe na mpira laini unaonata, buti gumu la mlima linateleza kwenye mwamba uliosuguliwa. Kingo za chumvi kavu zinakata kama glasi, sandali acha. Helmeti kwenye sehemu za kuparamia, ndio.

Simu inatosha?

Hapana. Netiweki hakuna, joto linaizima yenyewe, na ndani ya korongo jembamba jipiesi inakuweka upande wa pili wa mlima maana mawimbi yanagonga kuta. Kifaa cha kuomba msaada kwa satelaiti ni kizuri ila nacho kinataka kuona mbingu, korongoni unaweza kuhitaji kutambaa mpaka penye uwazi. Beba ramani ya karatasi, filimbi (milio mitatu ni kuomba msaada), kioo kidogo cha kumulikia na tochi ya kichwani hata kama unarudi saa 6 mchana. Na mtu mmoja nyumbani awe na karatasi: korongo gani, gari liko wapi, saa ngapi apige simu asipokusikia. Mmebadilisha mawazo njiani mkaenda korongo lingine? Basi hiyo karatasi haina kazi tena, msibadilishe.

Nitajuaje mwenzangu amezidiwa na joto?

Akiwa mchovu, ana kichefuchefu, anatoka jasho, kichwa kinauma, bado mnazungumza vizuri: kivulini, maji kidogo kidogo na chumvi, mpumzike mpaka jioni kama kuna uwezekano. Akianza kuongea ovyo, kuyumba, kugombana bila sababu, hapo mwili umevuka nyuzi 40 na ubongo unapikwa. Usisubiri jasho likauke ndo uamini, wengine wanaendelea kutoka jasho. Mlaze, mvue, mwagia maji hata yale ya kunywa, mpepee kwa nguvu, omba msaada. Dakika ndo zinahesabika.

Kuna sehemu hatutakiwi kukanyaga?

Ipo. Ule udongo mweusi wenye vinundu vinundu ni ganda hai, lina vijidudu vinavyoshika mchanga usipeperuke, hatua moja inaliharibu kwa miaka mingi, pita kwenye mwamba au kwenye mkondo mkavu. Na ziwa kavu likiwa limelowa usilitembelee kabisa. Racetrack Playa, ziwa kavu la Death Valley ambako mawe yanatembea yenyewe (mwaka 2014 watafiti walieleza ni vipande vyembamba vya barafu vinavyosukumwa na upepo mwepesi ndo vinayasukuma mawe), kuna nyayo za watu waliokatiza tope zamani zimebaki pale miaka na miaka, kila mgeni anazipiga picha kwa hasira.

Nikirudi vifaa nivifanyeje?

Osha siku hiyo hiyo. Chumvi inavuta unyevu hewani, ukiacha mpaka wikiendi zipu zimeganda, vitundu vya kamba za viatu vina kutu, na kamba ya kukwea imejaa chembe zinazosaga nyuzi zake kwa ndani. Maji ya uvuguvugu, mengi, bila sabuni kali, alafu kausha kivulini. Chini ya gari pia, piga maji kwenye matairi, breki na zile pembe ambazo hakuna anayeziangalia, chumvi inakaa huko.